Kutaja Tamathali Si Kuhakiki: Tuliyojifunza Katika Kusoma na Kufundisha Fasihi

Tumesahihisha insha nyingi za uhakiki, na kosa linalojirudia kuliko yote si upungufu wa msamiati. Msamiati upo. Mwanafunzi anaijua tashihisi (kukipa kisicho mtu sifa za mtu), anaijua takriri (kurudia neno au sauti), na sehemu za msuko, yaani mpangilio wa matukio, anazitaja bila kusita. Tatizo linaanza anapoandika "mwandishi ametumia tashihisi", akanukuu sentensi moja, kisha akahamia kwenye tamathali inayofuata. Hapo amebisha hodi, akaondoka kabla hajafunguliwa. Dhana za fasihi ni maswali ya kuiuliza kazi. Zikigeuzwa vibandiko hazina faida, hata zikibandikwa mahali sahihi.

I. A. Richards, mhakiki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawaomba waandike maoni yao. Mwaka 1929 alichapisha aliyoyakuta. Tatizo la kwanza aliloliorodhesha halikuwa la nadharia wala la ladha: wasomaji wengi, tena waliosoma vizuri, hawakuwa wamepata hata maana ya wazi ya maneno yaliyo mbele yao. Tunalikuta jambo hilo hadi leo. Mtu anarukia "shairi hili linahusu ukombozi" kabla hajajua nani anazungumza na nani katika ubeti wa pili.

Kwa hiyo usomaji wa kwanza uwe wa kuelewa tu. Chukua aya au ubeti, uandike kwa maneno ya kawaida nani anafanya nini, kwa nani, wakati gani. Anayesoma kazi ya Kiswahili ana msaada mkubwa hapa, maana kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Lakini msaada huo ndio mtego wenyewe. Ukipita haraka juu ya kiambishi, umempita mhusika mzima. "Walimwambia" na "walituambia" ni hadithi mbili tofauti, na tofauti yake imo katika silabi moja.

Kifungu kimoja kwa karibu

Tazama sentensi hizi nne tulizoziunda kwa ajili ya mazoezi:

*Saida alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Ufunguo aliuweka mezani, karibu na kikombe cha pili. Chai ilikuwa imeshapoa. Nje, mvua iliendelea na kazi yake.*

Insha ya kawaida itasema kuna takriri ya "funga", kuna tashihisi ya mvua, na mandhari ni ya nyumbani. Yote ni kweli, na bado hakuna lililosemwa. Sasa anza kuuliza. Kwa nini mtu aufungue mlango alioufunga sasa hivi? Hufanya hivyo anayedhani amesikia kitu, au anayetaka kuhakikisha kwamba kweli hakuna mtu nje. Kwa nini iwe "kikombe cha pili"? Neno "pili" linakiita kikombe cha kwanza ambacho hakikutajwa, na kikombe cha pili kinamwita mtu wa pili ambaye hayupo chumbani. Kiambishi "-sha-" katika "imeshapoa" kinapima muda bila kutaja saa: chai ilikuwa ya moto, na subira imeizidi. Mvua nayo ina kazi ya kuendelea nayo. Saida, baada ya kufunga na kuweka ufunguo chini, hana. Hapo tashihisi imepata maana, kwa sababu tumeonyesha inamfanya nini msomaji anapomwangalia Saida.

Neno "kungoja" halimo katika kifungu hicho. "Huzuni" haimo. Msomaji amezipata zote mbili kutoka kwenye vitu na vitendo, na kazi ya mhakiki ni kueleza amezipataje.

Njia tunayoiamini kuliko zote ya kupima kama jambo lina uzito ni kulibadilisha kisha kusoma tena. Andika "kikombe" badala ya "kikombe cha pili", na mgeni anatoweka, kifungu kinabaki cha mtu anayefunga nyumba yake usiku. Andika "ilikuwa imepoa" badala ya "imeshapoa", na muda unafifia. Badilisha "mlango" uwe "lango" na pengine hakuna kitakachotikisika, kwa hiyo usilijengee hoja neno hilo. Zoezi hili huchukua dakika tano tu, nalo huokoa kurasa za maneno matupu.

Sasa badilisha nafsi: "Nilifunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena." Matukio ni yaleyale, ila ukimya umebadilika tabia. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaweza kunyamaza kwa sababu anamtazama Saida kutoka nje. Anayesema "mimi" anajua alikuwa akimngoja nani, na kama hasemi, basi anaficha au hawezi kulitamka. Ndiyo maana tunasisitiza kutenganisha maswali mawili ambayo Gérard Genette, mwananadharia wa fasihi wa Ufaransa, aliyaeleza vizuri mwaka 1972: nani anasema, na nani anaona? Mara nyingi sauti ni ya msimulizi, lakini macho ni ya mhusika. Ukiyachanganya utamtwika mwandishi chuki au upofu wa mhusika wake.

Wayne Booth naye, mhakiki wa Marekani, mwaka 1961 alituletea dhana ya msimulizi asiyeaminika. Hagunduliwi kwa kuhisi tu. Tafuta mahali anapojipinga mwenyewe, mahali anapojitetea kabla hajashtakiwa, na mahali wahusika wengine wanapomjibu kana kwamba wamesikia jambo tofauti na analotuambia. Ukipata mifano mitatu iliyo mbalimbali katika kazi, una hoja. Ukipata mmoja, huenda ni mtelezo wa kalamu.

Mada, dhamira, na mtego wa neno moja

Ukiuliza dhamira ya riwaya, utajibiwa "mapenzi", "uonevu", "ufisadi". Hizo ni mada. Dhamira ni kile ambacho kazi inasema kuhusu mada hiyo, na haiwezi kuwa neno moja. Kipimo chetu ni rahisi: iandike kama sentensi kamili, kisha ujiulize kama msomaji mwingine mwenye akili timamu anaweza kuipinga. "Riwaya inahusu uonevu" haipingiki, kwa hiyo haisemi kitu. "Riwaya inaonyesha kwamba aliyeonewa akipata mamlaka hurithi pia lugha ya aliyemwonea" inapingika, na sasa kuna kazi ya kufanya: kutafuta hiyo lugha iko ukurasa gani.

Ujumbe ni jambo jingine tena, na hapa tuna wasiwasi wa kweli. Mazoea ya kumalizia kila uchambuzi kwa "funzo tunalopata" yamewafanya wasomaji wengi waamini kwamba kila kazi ni nasaha iliyovishwa nguo. Zipo kazi zinazonasihi waziwazi, na zina heshima yake. Zipo nyingine zinazokuachia swali makusudi. Ukizilazimisha zitoe funzo, zitatoa funzo dogo kuliko zenyewe.

Kuhusu fani (namna kazi inavyosema) na maudhui (kile inachosema) hatutachukua muda mrefu. Kuzitenganisha ni msaada wa kufundishia, kama kuchora mifupa na misuli kwenye kurasa mbili. Anayeandika sura nzima ya maudhui bila kugusa fani, kisha sura ya fani bila kurudi kwenye maudhui, amesahau kwamba mwili ulikuwa mmoja.

Msuko una saa mbili

Matukio yana mpangilio yalivyotokea, na yana mpangilio yanavyosimuliwa. Chukua karatasi, ugawe safu mbili. Safu ya kwanza andika matukio makuu, kumi au kumi na mawili yanatosha, kwa kufuata kalenda ya hadithi, uyape namba. Safu ya pili yaandike kama kitabu kinavyoyaleta, ukitumia namba zilezile. Ikisomeka 7, 1, 2, 3, 8, 4, 9, unaona kwa macho mahali penye kisengere nyuma, yaani simulizi inaporudi kwenye tukio la awali, na unaweza kuuliza swali lenye faida: kwa nini tukio la 4 limecheleweshwa hadi baada ya la 8? Mara nyingi jibu ni kwamba tungelijua mapema, tungemhukumu mhusika kwa namna nyingine.

Kisha pima kasi. Genette alitofautisha mpangilio, muda na marudio, na katika hayo matatu muda ndio unaosahauliwa zaidi. Hesabu kurasa. Riwaya inayotumia kurasa 40 kwa usiku mmoja, halafu ikavuka miaka mitano kwa sentensi moja, imekuambia wazi kipi inakiona kikubwa. Wakati mwingine inakuambia kipi haiwezi kukitazama, na sentensi ile moja ndiyo inayostahili kusomwa mara kumi. Marudio nayo yana swali lake: tukio lililotokea mara moja likisimuliwa mara tatu, nini kimebadilika katika kila simulizi?

Wanafunzi wengi hulazimisha kila hadithi iingie kwenye mchoro wa piramidi alioueleza mwandishi Mjerumani Gustav Freytag mwaka 1863, wenye kupanda, kilele na kushuka. Freytag aliuchora akiwa na tamthilia akilini, hasa tanzia, yaani tamthilia yenye mwisho wa huzuni. Hadithi fupi nyingi hazina mteremko wa mwisho, na kuutafuta kwa nguvu kunazaa vilele vya kubuni.

Kwa wahusika, tofauti aliyoiweka mwandishi wa riwaya Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927 kati ya mhusika bapa (mwenye sifa moja tu) na mhusika duara (mwenye sura nyingi) bado inafanya kazi, mradi ikumbukwe kipimo chake: je, mhusika anaweza kutushangaza na bado tukamwamini? Kosa la kawaida ni kulichukulia "bapa" kama tusi. Mhusika bapa anaweza kuwa ameundwa kwa ustadi mkubwa, na kichekesho hakiendi bila yeye. Unapokusanya ushahidi wa tabia, usiuweke wote katika kapu moja. Anachokifanya mhusika kina uzito kuliko anachojisifia, na anachosemwa na mwenzake kinakueleza pia habari za huyo mwenzake.

Ubeti, baada ya kuhesabu

Ushairi una hatari ya pekee: una vitu vya kuhesabu, na kuhesabu kunatoa hisia ya kazi iliyokamilika. Huu hapa ubeti tulioutunga kwa zoezi:

*Mbegu yangu niliweka, udongoni kwa makini,*
*Kila siku nikafika, kuitazama shambani,*
*Ikachipua haraka, majani yake laini,*
*Leo kivuli nataka, waniuliza: cha nani?*

Mishororo (mistari) minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una mizani (silabi) 16, nane katika ukwapi (nusu ya kwanza) na nane katika utao (nusu ya pili). Kina cha kati, yaani silabi inayorudi mwishoni mwa kila ukwapi, ni "ka", cha mwisho ni "ni". Ukisimama hapo umefanya kazi ya fundi anayepima mbao bila kujenga.

Endelea. Vitenzi vya mishororo mitatu ya kwanza ni vya wakati uliopita, "niliweka" kisha "nikafika" na "ikachipua", kimoja kikimkabidhi mwenzake. Mshororo wa nne unaanza na "leo", na vitenzi vyake, "nataka" na "waniuliza", ni vya sasa. Kati ya "majani laini" na "kivuli" mti mzima umekua, miaka imepita, lakini vina havikukatika wala mizani haikuyumba. Sauti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, wakati maisha yamegeuka. Ubeti unafunguka kwa "yangu" na kufungwa kwa "cha nani". Umiliki uliokuwa kauli umekuwa swali, na swali hilo limewekwa palepale kwenye kina, mahali ambapo sikio lilikuwa linasubiri kupumzika. Angalia pia kwamba katika mishororo mitatu hakuna mtu mwingine shambani. "Wa-" wa mshororo wa nne anaingia bila kutajwa jina.

Anayesema "niliweka" ni nafsineni, yaani sauti inayozungumza ndani ya shairi. Si mtunzi. Kuandika "mshairi analalamika kwamba amenyang'anywa shamba" ni kumpa mtu halisi kesi ambayo huenda hajawahi kuwa nayo. Ni kosa dogo kwa sura, lakini linaharibu kila kinachofuata, kwa sababu mhakiki anaacha kuusoma ubeti na kuanza kutafuta habari za maisha ya mtunzi.

Je, mbegu ni jazanda, yaani picha inayosimama badala ya jambo jingine? Inaweza kuwa mtoto, elimu, taifa, kazi ya mikono. Kabla hujachagua, jaribu kila pendekezo dhidi ya kila mshororo. Mtoto anakubali "kila siku nikafika", lakini je, mzazi hufika kwa mwanawe, au huishi naye? Kama pendekezo lako linakubaliana na mishororo miwili na kugombana na mmoja, usiufiche ule mmoja. Andika kwamba unagombana, na ueleze kwa nini bado unaona ufafanuzi wako una nguvu. Tumeona hoja nyingi zikipata uhai hapo hapo zilipokubali kikwazo.

Tahadhari moja ya haraka kwa wanaosoma kazi zilizotafsiriwa: usijenge hoja juu ya sauti, vina au neno moja bila kuangalia lugha ya asili, kwa sababu unaweza kuwa unamsifu mtafsiri ukidhani ni mtunzi. Na katika fasihi simulizi, maandishi uliyonayo ni kumbukumbu ya uwasilishaji mmoja. Fanani (anayeiwasilisha kazi), hadhira, tukio na sauti ni sehemu ya kazi. Kama hayo hayakurekodiwa, punguza ukubwa wa madai yako.

Mwandishi, muktadha, nadharia

Mwaka 1946 wasomi wa Marekani W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley walitoa hoja kwamba nia ya mtunzi haipatikani kwa uhakika, wala haifai kuwa kipimo cha kazi. Wako waliowapinga tangu hapo, na mjadala haujafungwa. Katika kazi ya kila siku tunafuata njia ya kati. Kauli ya mwandishi kuhusu kitabu chake ni ushahidi mmoja kati ya mingi, na ikigongana na maandishi, maandishi yanasikilizwa kwanza.

Muktadha unahitajika, ila una adabu yake. Unasaidia unapokuambia neno lilimaanisha nini wakati ule, sheria ipi ilikuwepo, au wasomaji wa kwanza walitarajia utanzu wa namna gani. Unadhuru unapochukua nafasi ya kusoma. Insha inayoanza na kurasa mbili za historia ya nchi kabla ya nukuu ya kwanza kwa kawaida haifiki mbali. Tunashauri kila taarifa ya muktadha iambatane na mstari inayoufungua. Kama huwezi kuuonyesha mstari huo, taarifa hiyo iache kwenye daftari.

Nadharia tunaichelewesha makusudi hadi usomaji wa tatu. Umarx unauliza nani anafanya kazi na nani anakula matunda. Ufeministi unauliza nani anapewa sauti na mwili wa nani unatazamwa. Saikolojia changanuzi inauliza nini kimezuiwa kikarudi kwa sura nyingine. Yote ni maswali mazuri. Ubeti wetu wa mbegu unalipokea la kwanza kwa urahisi. Lakini kama hitimisho lako ungeweza kuliandika kabla ya kufungua kitabu, basi nadharia ndiyo iliyozungumza na kitabu hakikusikilizwa. Tafuta angalau sehemu moja ambapo kazi inaisumbua nadharia uliyoichagua, uanzie hapo.

Kuandika aya

Aya nzuri ya uhakiki ina dai, ushahidi na uchambuzi, na uchambuzi ndio mrefu kuliko vyote. Kwa makadirio yetu, nukuu ya maneno manne hadi kumi na mawili inatosha mara nyingi, na uchambuzi wake uwe angalau mara mbili ya urefu huo. Nukuu ya mistari minane inayofuatwa na "hii inaonyesha wazi kwamba" ni dalili kwamba mwandishi wa insha anatumaini msomaji ataiona hoja yeye mwenyewe. Nukuu ifumwe ndani ya sentensi yako, na ukurasa utajwe. Baada ya nukuu, rudia neno moja kutoka ndani yake na ulifanyie kazi. Kama hakuna neno ndani ya nukuu unalolihitaji, umechagua nukuu isiyofaa.

Ukaguzi wa mwisho: pigia mstari kila sentensi katika insha yako inayosimulia kilichotokea. Ikizidi theluthi ya insha, umeandika muhtasari. Kila sentensi uliyoipigia mstari jaribu kuigeuza ianze na "namna" au "kwa nini". "Saida anafunga mlango" inakuwa "namna Saida anavyofunga mlango mara mbili…", na sentensi yenyewe itakudai umalizie.

Bado kuna utata, na hatutaki uondolewe kwa nguvu. William Empson, aliyekuwa mwanafunzi wa Richards, aliandika kitabu kizima kuuhusu mwaka 1930. Rudi kwenye kikombe cha pili. Tumesema Saida alingoja mtu asiyekuja. Lakini hakuna neno linalozuia kwamba mtu huyo alikuja, hakugusa chai, akaondoka, na mlango ule ulifungwa nyuma yake. Kwa usomaji wa kwanza, kufungua tena ni tumaini. Kwa wa pili, ni kutaka kumwita arudi. "Imeshapoa" inakubali yote mawili. "Karibu na kikombe cha pili" inaelekea kidogo upande wa pili, kwa sababu ufunguo umewekwa mahali palipokuwa pa mtu. Andika tafsiri zote mbili, onyesha kila moja inashikiliwa na maneno gani, na useme ni ipi unayoiona nzito zaidi.